Kengele Zilizozibwa

Wawindaji ulikuwa unawasikia kabla ya kuwaona. Ko-ko-ko, ko-ko-ko, sauti kavu ikishuka mlimani asubuhi ya kiangazi, wakati moshi wa majani yaliyochomwa shambani bado umelala juu ya migomba. Zilikuwa kengele za mbwa, si za chuma kama ile ya kanisani, bali za mti, zimechongwa zikawa na tumbo kama kibuyu kidogo, na ndani yake kipande cha mfupa kinachogonga mbwa anapokimbia. Kwetu Kimuli, wakati huo bado tukihesabiwa watu wa Karagwe, mbwa hakupelekwa kuwinda bila kengele shingoni. Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu, nikamuuliza Baba kwa nini mbwa apigiwe kelele badala ya kunyata. Akacheka. Akaniambia kwamba bondeni matete yanamzidi mtu kimo, na aliyeshika mkuki haoni kitu ila majani yakitikisika. Yakitikisika kwa kengele, huyo ni mbwa, unazuia mkono. Yakitikisika kimya, unatupa. Hakuna muda wa kufikiri, alisema, ndiyo maana masikio hufundishwa kwanza.

Baba alikuja kutoka Rwanda akiwa kijana. Alifanya vibarua vya kulima kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya watu, hadi akapewa kipande cha mteremko chenye mawe ambacho hakuna mwingine aliyekitaka. Watu hawakumtendea ubaya. Walimsalimia, walimwita kuchimba mashimo ya migomba, walimpa rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu cha mwisho. Lakini uwindaji ulikuwa jambo jingine. Huwezi kujialika. Unapitiwa nyumbani alfajiri, mtu anasimama njiani na kuita jina lako, nawe unatoka na mkuki. Mnyama akiuawa, kidari chake hupewa mwenye mbwa aliyemtoa mafichoni, na hutolewa mbele ya wote, jina likitajwa kwa sauti. Sidhani kama Baba alipenda nyama kuliko watu wengine. Alichotaka ni kutajwa. Kwa miaka yote tangu afike, hakuna aliyewahi kusimama njiani kwetu.

Tobi ndiye aliyebadilisha hilo. Baada ya vita na Uganda, mzungu mmoja aliyekuwa akisimamia uchimbaji wa visima alifungasha kwenda kwao, akamwachia Baba, aliyekuwa akimfyekea majani, mbwa wake mdogo mwenye ndevu na miguu mifupi. Aina yake huitwa terria, mbwa aliyezaliwa kuingia mashimoni. Watu walimcheka. Mzee Laurenti, kiongozi wa wawindaji, alisimama uani kwetu akamtazama kwa muda. "Baba Domi," alisema, akimwita kwa jina langu, "hiki umekikalia au unakifuga?" Wote wakaicheka ile miguu mifupi, hata Mama. Mwaka ule nungunungu walikuwa wanamaliza viazi vya kijiji kizima, na mbwa wetu warefu waliishia kunusa mdomo wa shimo na kunung'unika. Baba akamweka Tobi, asiyevishwa kengele kwa kuwa ingemkwama shimoni, mbele ya shimo moja. Aliingia kama maji. Tukamsikia akibweka chini ya miguu yetu, mbali, kisha karibu, kisha nungunungu akatokea upande wa pili akikimbilia mikuki. Jioni ile kidari kilitajwa kwa jina la Baba. Mzee Laurenti akamwita "ndugu yangu". Baba aliingia nyumbani akiwa amekishika kile kidari kwa mikono miwili, akasahau kumpa Mama akipike, akakaa nacho.

Kiangazi kilichofuata mambo yaliharibika. Siku moja Tobi alitoka shimoni uso wote umejaa miiba, macho yamefumba, na mbwa waliokuwa wakingoja mdomoni mwa shimo, kwa pupa ya damu, wakamrukia yeye. Walimpasua sikio kabla hawajaachanishwa. Tangu siku ile hakungoja kurukiwa. Mbwa wakikusanyika njiani, alikwenda moja kwa moja kwenye koo la yule mkubwa kuliko wote, na mara nyingi huyo alikuwa Bihogo, dume jekundu la Mzee Laurenti lililopewa jina la ng'ombe kwa ajili ya rangi yake. Uwindaji ulianza kuvunjika kabla ya kufika bondeni. Wanaume walirudi na mbwa wanaochechemea na maneno mdomoni. "Ndugu yangu," Mzee Laurenti alimwambia Baba, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "shimoni tunamhitaji. Njiani hatumtaki. Sasa wewe utuambie tufanyeje, kwa maana mbwa ni wako." Baba alikuwa amepitiwa njiani msimu mmoja tu.

Akaanza kutafuta dawa. Kwenye rubisi mtu mmoja alimwambia amlishe Tobi nyigu waliokaangwa, eti hasira itamwisha. Mwingine akamkatalia, akasema nyigu ndio wanaoleta hasira, hata babu yake aliwalisha mbwa wake ili wawe wakali. Walibishana hadi kibuyu kikakauka, na Baba akarudi nyumbani akamlisha nyigu. Sikuona kilichozidi wala kilichopungua. Alimfunga mdomo kwa nyuzi za mgomba, lakini mbwa aliyefungwa mdomo ataingia shimoni kufanya nini? Alimfunga gogo shingoni ili asiwahi kuwafikia wenzake, naye akalikokota gogo hadi kwao. Alimpiga. Hilo sipendi kulikumbuka, kwa sababu Baba hakuwa mpigaji, na alipomaliza alikwenda kusimama nyuma ya nyumba. Mama akasema, "Unamfukuza huyu mbwa au unajifukuza mwenyewe? Mfunge kamba, ukae." Baba akajibu, "Nikikaa, nani atanipitia?"

Kisha akagundua kitu. Kisimani, jioni, Bihogo alikuja kunywa bila kengele, na Tobi alikuwepo. Walinusana, wakazungukana, kila mmoja akaenda zake. Baba alilala akilifikiria. Kesho yake akaazima kengele, akaitikisa nyuma ya ukuta: Tobi akasimamisha manyoya na kuanza kutafuta wa kumuuma. Si mbwa anaowachukia, Baba alisema, ni ile sauti iliyokuwa imemzunguka siku aliyopasuliwa sikio akiwa haoni. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyefumbua hesabu. Hadi leo sina hakika kama alikuwa sahihi. Kisimani hapakuwa na damu wala mnyama wa kugombania. Huenda hiyo ilitosha. Lakini alikwenda kwa Mzee Laurenti akaomba neno moja: siku ya kuwinda, kengele zote zizibwe kwa majani makavu ya mgomba mpaka Tobi aingie shimoni, akishasikika chini, kila mtu achomoe jani lake. Kuziba kengele si jambo geni, wawindaji hufanya hivyo wakinyatia. Mzee Laurenti alikubali. Na mara ya kwanza ilifaulu kabisa. Tobi alipita katikati ya mbwa wote kama mtoto anayepita kanisani kwenda kupokea komunyo. Kidari kikaja kwetu tena, Baba akaimba.

Mara ya pili mimi nilikuwa juu ya mteremko na Mama na wanawake wengine, tunavuna maharage. Ni desturi: wanawake wakiwa juu huona bonde lote, na mnyama akitokea hupiga kelele kuwaonyesha wanaume aliko. Tuliwaona wakifika kwenye shimo. Baba hakubaki pale; alimkabidhi mwenzake Tobi, mwenyewe akasimama kwenye njia inayotoka matete, mkuki begani. Tobi alikuwa bado hajawekwa chini. Nguruwe mwitu, ambaye hakuna aliyejua alikuwa amelala jirani, akalipuka kutoka majanini, na mbwa wote wakamfuata, kengele zikiwa zimezibwa. Bonde likawa kimya kabisa, isipokuwa majani. Nguruwe alipinda kushoto, akapotea. Mbwa mmoja alikata kona peke yake, akaja moja kwa moja kwenye njia ya Baba, na sisi kutoka juu tuliona mgongo wake mwekundu. "Mbwa! Ni mbwa!" Mama alipiga kelele, na wote tukapiga. Chini, nadhani, yalifika makelele tu, yale yale ambayo kila mwaka yalimaanisha: huyo anakuja, jiandae. Kila mwanaume bondeni alijua kengele zimezibwa. Baba alijua kuliko wote. Lakini akili ilikuwa imeambiwa asubuhi ile, na mkono ulikuwa umefundishwa miaka. Majani yakatikisika kimya. Akatupa.

Mbwa wa kuwinda aliyefia kazini huzikwa, na aliyemuua ndiye huchimba. Baba alichimba peke yake, wengine wakiwa wamesimama. Nilikuwa nimeshuka mbio nikasimama nyuma yao. Nilimwamkia Mzee Laurenti shikamoo, kwa mazoea ya kijinga, naye akaniitikia marahaba, mtoto wangu, bila kunitazama. Alipiga magoti, akaifungua kengele kwenye shingo ya Bihogo, akachomoa jani kavu la mgomba. Aliitikisa kengele mara moja ili asikie kama bado inalia. Halafu akachukua kiganja cha Baba, akakifungua, akaliweka lile jani ndani yake.

"Baba Domi," alisema. "Jani lako hili."

Hakumtukana. Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyesema asirudi. Walibadilisha njia tu. Kuanzia siku ile kengele zilipita upande wa pili wa mlima, mbali, na Tobi, sasa akiwa kwenye kamba chini ya mgomba, alipozisikia alizunguka na kuruka hadi kamba ikamkata shingo. Siku hizo Baba alichukua jembe akaenda kulima mahali palipokwishalimwa. "Nenda ukawasalimie," Mama alimwambia. "Wewe ndiye mwenye neno." Baba alisema, "Njia wanaijua." Alikaa akiingoja hiyo njia hadi mimi nikamaliza shule ya msingi, na nilipokuwa narudi likizo kutoka sekondari bado alikuwa anaamka kabla ya jua na kufungua mlango.

Tobi alizeeka kwenye kamba ile hadi akawa kiziwi. Mbwa wa majirani walianza kuja kula kwenye sahani yake, na yeye aliwatazama akatingisha mkia. Mama alisema, "Mnaona? Ametulia." Mimi, niliyekuwa nimerudi kutoka chuo kikuu nikiwa na maelezo ya kila kitu, nilitaka kusema kwamba hapo ndipo Baba alipothibitishwa, kwamba kweli ilikuwa ile sauti. Lakini Tobi alikuwa pia ameishiwa meno. Uthibitisho wa namna hiyo haumfai mtu yeyote, na Baba hakuuomba.

Mzee Laurenti amefariki. Matete yamefyekwa, bondeni wamepanda mpunga, na vijana wa Kimuli hawajui mbwa alivaa kengele ya nini. Kinacholia siku hizi ni kengele za baiskeli za abiria zinazokwenda Murongo, mpakani. Niliporudi mwaka jana Baba alikuwa uani akimenya ndizi. Aliniambia kwamba sasa anaishi vizuri na watu, kwamba hapa ni kwao, kwamba hakuna mwenye neno naye. Nikawa tayari kuamini. Kisha baiskeli ikapita njiani, ikapiga kengele, na kisu chake kikasimama katikati ya ndizi. Alingoja. Baiskeli haikusimama, naye akaendelea kumenya. Tobi angalau aliacha kusikia. Baba masikio yake bado ni mazuri.