Kuku wa Arobaini

Kila Ijumaa asubuhi, kabla mama hajatoka uani kuwasha moto, nilijifungia mlango nikajipima kiuno kwa futikamba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, fundi cherehani wa kujifundisha mwenyewe, na nilikuwa na daftari la vipimo vya wateja. Vipimo vyangu niliviandika ukurasa wa mwisho, bila jina. Inchi ishirini na sita. Ishirini na saba na nusu. Ishirini na tisa. Nilipofika thelathini na moja niliacha kuandika, kana kwamba tumbo lisipoandikwa litaona haya na kurudi lilikotoka.

Nakiri kwamba sikuogopa ugonjwa. Niliogopa kuonekana nina kasoro. Cherehani nilijifunza kwa kufumua blauzi moja kuukuu na kuishona tena, mara tisa, mpaka nikaelewa mkono unavyoingia begani. Kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, niliamini pia kwamba hakuna atakayenisamehe nikikosea. Na wakati ule posa yangu ilikuwa imekwisha pokelewa. Mchumba alikuwa karani wa bandarini, kijana wa mtaa wa Gerezani. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu, na mara zote mbili shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri. Harusi ingefanywa baada ya mfungo. Sasa msichana ana mchumba na tumbo linakua. Mtaa mzima ungejua jibu bila kuuliza swali, na jibu lenyewe lingekuwa uongo, maana sikuwa nimeguswa na mtu.

Nilipanua magauni yangu mshono kwa mshono, nikanyamaza miezi mitatu.

Aliyenigundua ni somo yangu, yaani yule mwanamke niliyekabidhiwa kwake nilipovunja ungo, anifunde yale mambo ya mwili ambayo mama na binti huoneana haya kuyataja. Siku ya harusi ni yeye ambaye angenipeleka na kunidhamini mbele ya wakwe. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kusikika mitaa miwili. Asubuhi alikaanga vitumbua karibu na soko la Kariakoo, na nyumbani kwake alifuga kuku watano na jogoo. Kuku hao aliwapenda kupita kiasi. Hata sikukuu ya Idi alinunua nyama buchani kuliko kumchinja mmoja wao. Kila mmoja alimfunga kitambaa mguuni, jirani asije akadai ni wake, na vitambaa hivyo nilimpa mimi, mabaki ya kazi yangu.

Siku hiyo nilimpelekea mabaki ya hariri ya zambarau. Nilikuwa nimemshonea mama mmoja wa Kihindu wa Uhindini blauzi sita za harusi ya binti yake, kwa kitambaa kilichotoka Bombei. Dar es Salaam nzima hapakuwa na kipande kingine cha rangi ile.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Mbona kanga umeipandisha mpaka kifuani kama mtoto wa surua?"

"Joto."

"Mwenye joto huteremsha, hapandishi. Ingia ndani."

Alinilaza kitandani kwake, akaweka viganja viwili juu ya tumbo, akabonyeza pole pole. Kuku walikuwa wanaparua mlangoni. Kisha akauliza bila kupunguza sauti:

"Umelala na mwanamume?"

"Wallahi sijalala."

Alinitazama kwa muda wa kugeuza kitumbua kimoja.

"Sawa," akasema. "Basi ni ugonjwa. Kesho hospitali."

Hakuniapisha. Hakumwita mwanamke mwingine aje anikague. Mtu ambaye jina lake lingechafuka pamoja na langu aliniamini kwa neno moja, akafunika chungu chake cha unga, akaanza kutafuta viatu vya kuvaa kesho. Nimekutana na watu wengi waliosoma, na sijaona tena kitu kama kile.

Daktari alikuwa Mhindi wa makamo mwenye vidole virefu na safi. Alinipima, akaniuliza maswali, akamruhusu somo abaki chumbani.

"Kuna mfuko wa maji umeota kwenye kifuko chako cha mayai," aliniambia. "Umekuwa mkubwa kama nazi iliyofuliwa. Tukiuacha unaweza kujisokota au kupasuka, na siku hiyo hatutakuwa na nafasi ya kuulizana. Ni kupasua na kuutoa."

"Nitazaa?"

"Mwanamke ana vifuko viwili. Kimoja kikibaki kizima, inawezekana. Lakini sitajua mpaka nimefungua."

"Naomba uniahidi, daktari."

Aliweka kalamu chini. Hakukasirika. "Siwezi kuahidi kitu ambacho sijakiona."

Nilimchukia kwa maneno yale, na leo namheshimu kwa maneno yaleyale.

Tulirudi kwa miguu, na Mnazi Mmoja ilibidi nikae kwenye majani nipumzike. Watu walipita na vikapu vyao kutoka sokoni. Nikamwambia somo kwamba siwezi kukubali jambo ambalo mwisho wake haujulikani.

"Wewe unataka cheti kutoka kwa Mungu, kimepigwa muhuri," alisema. "Hata mimi nakitaka. Hakitolewi."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi si wewe. Ukienda, nitakaa nawe. Usipokwenda, nitakaa nawe. Inuka, jua kali."

Nyumbani mama alilia, kisha akamwita mjomba, kaka yake, aliyekuwa badala ya baba tangu baba afariki. Mjomba alikaa barazani akiwa na kofia yake ya msikitini na kutoa hukumu.

"Wakifungua tumbo la mwanamke, wanapolifunga wanafunga na uzazi humohumo. Apelekwe kwa mganga, hayo maji yatakauka."

"Yakauke kwa moto gani?" somo aliuliza.

"Na wewe muuza vitumbua, udaktari umesomea lini?"

"Darasa moja na wewe, bwana mkubwa."

Mama alicheka huku machozi yanamtoka, na mjomba akajifanya anatafuta tasbihi mfukoni.

Hospitali walitaka saini ya mjomba, lakini uamuzi waliniachia mimi, nao ulinichukua siku tatu. Nilichukua lile daftari, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika sababu za kupasuliwa, upande wa pili sababu za kutopasuliwa. Nilivuta mistari kwa rula. Niliandika upya mara mbili kwa sababu mwandiko haukunipendeza. Mara ya tatu ndipo nilipousoma ule upande wa pili kwa makini. Watasema tasa. Watasema mimba imetolewa. Wakwe watasema. Mtaa utasema. Ukurasa mzima ulikuwa midomo ya watu, wala hapakuwa na neno hata moja kuhusu tumbo langu. Nilimwendea mama jikoni nikamwambia, "Nitapasuliwa." Mjomba alitia saini akinung'unika.

Nilidhani ushujaa umekwisha hapo. Kumbe somo alikuwa na jambo lake.

"Leo alasiri nakwenda Gerezani kwa mama mkwe wako. Nitamweleza."

Nilimshika miguu. Nilimwambia kovu litakuwa ndani ya nguo, nani ataliona?

"Mumeo ataliona. Na mimi ndiye nitakayesimama pale nimdhamini mwali niliyemficha? Hapana, mama. Watu wananijua kwa mdomo wangu huu, sina kingine."

Alirudi jioni jua likiwa bado juu ya mapaa. "Wamesema watafikiri. Na nimewaambia, mwali atakaa ndani arobaini kama mzazi. Mwenye mke ndiye anayeleta kuku wa supu."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini, hukandwa, hufungwa mkaja tumboni, hunywa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na kuku hao hutoka upande wa mume. Kwa hiyo nilielewa. Kuku akija, harusi ipo.

Kuhusu kupasuliwa kwenyewe nakumbuka machache: harufu tamu iliyonikaba puani, sauti ikiniambia nihesabu, nami nikiona uchungu kwamba sikufika kumi. Nilipozinduka, nesi mmoja wa Kichagga, mwenye msalaba mdogo shingoni, alinipa mto nikumbatie. "Ukitaka kukohoa, shika hivi. Ukitaka kucheka, acha." Daktari alipita baadaye. "Kimoja nimekitoa. Cha pili ni kizima kabisa." Alisema kwa sauti ileile aliyokataa kuniahidi nayo, na kwa hiyo nilimwamini.

Siku bandeji ilipofunguliwa niliinua kichwa nikahesabu mishono. Kumi na nne. Wa tisa ulikuwa umekwenda upande. Nakiri kwamba nilichofikiri kwanza ni kwamba ningekuwa mimi ningeufumua. Nilimwambia somo.

"Basi mrudie daktari ukamfundishe," alisema, nami nikalazimika kukumbatia mto.

Kabla ya kutoka, baada ya siku kumi na mbili, nesi alimweleza somo kwamba maji ya moto yasiguse kidonda. Huyu ni mwanamke aliyekanda wazazi kwa maji ya moto maisha yake yote, kama alivyokandwa yeye na mama yake. Nilingoja ugomvi. Aliuliza kwa nini. Nesi akamweleza. Akauliza tena, na mara ya tatu, si kwa ubishi, bali kama mtu anayekariri. Kisha akauliza kuhusu mkaja. Nesi akamwonyesha kitambaa kipana nilichofungwa hapo wodini. "Kumbe na nyinyi mnao," somo alisema, akaridhika. Nilitamani kuwa na moyo kama ule, wa kuachia ulilolijua miaka arobaini kwa sababu binti mdogo amekueleza vizuri.

Nyumbani alikanda miguu na mgongo, tumbo akaliacha. Wanawake wa vyumba vya jirani walichungulia.

"Haya, arobaini tumeiona, mtoto yuko wapi?"

"Kabaki hospitali ndani ya chupa," somo alijibu. "Nendeni mkampe hongera, anafanana na nyinyi."

Na Ijumaa ya kwanza kuku akaja. Somo aliingia naye ameshikwa mbawa, akasema, "Kuku wako huyu. Utakunywa supu leo." Nililia kwa furaha chini ya shuka. Ijumaa ya pili kuku mwingine. Ya tatu mwingine. Nikaanza kuchora gauni la harusi kwenye daftari lile, ukurasa uliofuata vipimo vya tumbo langu.

Ijumaa ya nne niliweza kukaa uani kwenye kigoda. Kuku alikuwa ameshachinjwa na kunyonyolewa, yumo kwenye beseni, somo amekwenda kuchota maji bombani. Nilimgeuza ili nione kama manyoya yametoka yote, maana siwezi kuacha kukagua kazi ya mtu. Mguuni, juu ya kucha, palikuwa na kitambaa cha zambarau. Pembeni kilikuwa na alama ya mkasi wangu.

Somo alirudi na debe kichwani akanikuta nimekishika. Alilitua kwanza.

"Nimesahau kumfungua huyo," alisema.

"Walisema nini Gerezani?"

"Posa waliivunja. Siku ya tatu ukiwa wodini. Mama na mjomba wanajua, niliwakataza kukwambia."

"Ulisema watu wanakujua kwa mdomo wako!"

"Nilikwambia wametoka Gerezani? Nilisema kuku wako huyu. Hukuuliza, nami nikashukuru hukuuliza. Kidonda kibichi hakiongezewi kingine."

Nilikasirika sana. Nilimwambia amenichezea kama mtoto, nimechora gauni, nimejifanya mjinga Ijumaa nne. Hakujitetea. Alikaa chini, akaanza kumkata yule kuku vipande, na ndipo nilipohesabu. Kuku wanne. Wale ambao hata Idi hawakuguswa. Nilimwuliza nani amebaki.

"Jogoo," alisema, "na yule mwekundu mwenye kiburi. Kunywa supu, hasira haina mchuzi."

Nilikunywa, huku bado nimekasirika.

Siku ya arobaini mzazi hutolewa nje na mtoto wake mikononi. Nilimwambia somo mimi nitatoka tu peke yangu, kimya kimya. Alikuja mchana kweupe na yule kuku mwekundu, kitambaa cha zambarau mguuni, akaniwekea mikononi.

"Mikono mitupu haitolewi nje," alisema.

Tukatembea hivyo, mimi, mama, somo na kuku, kupita mbele ya baraza zote, pole pole kwa sababu ya mshono, na kila aliyecheka somo alimwambia, "Sema mashallah." Nilipofika pembeni ya soko nilikuwa ninacheka na mimi, bila mto.

Imepita miaka miwili. Mwezi uliopita mama wa fundi baiskeli mmoja wa mtaa wa pili alikuja kumwuliza mama habari zangu kwa ajili ya mwanawe. Somo alikuwepo, amekwisha fungua mdomo. Nilimtangulia. Nilimweleza mgeni mwenyewe, kuanzia futikamba mpaka mshono wa tisa, na kuku, na kutolewa nje, kahawa yake ikipoa. Niliposema kilichobaki ni kifuko kimoja aliweka kikombe chini.

"Huyo kuku mwekundu," akauliza mwishowe, "yuko hai?"

"Yuko kwa somo. Ameangua mara tatu."

Akainuka, akajifunga buibui.

"Nataka kumwona," alisema.