Fulana ya Golikipa

Siku ya kwanza kazini nilivaa sweta tatu chini ya baibui, na bado meno yaligongana. Nilikuwa nimeajiriwa kufua nguo za timu ya kulipwa ya hoki ya barafu hapa Birmingham, nami barafu nilikuwa naijua ya kwenye juisi tu. Mkuu wa vifaa, Bwana Singh, Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, alinipokea kwa Kiswahili cha kwao.

"Mama, hapa ni kuosha, kukausha, kuhang. Game ikiisha usingoje kesho, hizo gloves zitaanza kutembea zenyewe."

Hakusema uongo. Msimu huanza Septemba ukaisha Aprili, na jasho la miezi yote hiyo lilipita mikononi mwangu. Yeye ndiye aliyenoa viatu: chuma cha chini huchongwa mfereji mwembamba katikati, zikabaki kingo mbili za kuuma barafu. Mimi nilijifunza kwamba glavu hazikaushwi kwa joto kali, ngozi hukakamaa, na kwamba begi la golikipa ni zito kuliko sanduku la bibi harusi.

Asubuhi moja mwishoni mwa msimu, chini kabisa ya begi hilo nikaikuta fulana. Ilikuwa inasimama yenyewe. Nikamwonea huruma golikipa wetu, kijana wa Kanada: bila shaka anaona haya kumpa nguo yake ya ndani mwanamke wa umri wa mama yake. Basi nikaichukua kimya kimya, kumsitiri. Nikailoweka, nikaifua kwa mkono, nikaianika, nikaifukiza udi.

Kumbe tangu timu ianze kushinda, fulana ile ilikuwa haioshwi kwa makusudi. Wachezaji wote waliamini ndiyo inayozuia mabao. Nami nilikuwa bado kwenye msimu wa majaribio, na jioni hiyo ilikuwa mechi ya kuamua kama tunaingia mchujo wa ubingwa.

Golikipa aliinusa, akakaa chini, akasema hachezi. Kocha mkuu, mtu wa maneno machache, akaniangalia.

"Mama, asipocheza, kesho usirudi."

Bwana Singh hakuniacha. Aliivaa ile fulana, ikambana tumbo, akaanza kupanda na kushuka ngazi za jukwaa mbio, mashabiki waliowahi wakimshangilia.

"Usijali, Mama," alihema alipopita karibu yangu. "Sweat yangu iko sawa, imekula pilipili."

Golikipa akainusa tena. "Huyu si mimi," akasema, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. Akaivaa.

Tulifungwa bao moja, dakika ya mwisho, tukaukosa mchujo. Kocha akaniita mbele ya timu nzima, nikajua yamekwisha. Golikipa akasimama.

"Kosa ni langu. Nilimkumbuka Singh kwenye ngazi, nikacheka."

Kocha akashusha pumzi. "Msimu ujao fua zote. Nimechoka na harufu."

Nikabaki mpaka nilipostaafu. Ninyi mnaoitaka kazi hii, ulizeni kabla ya kuloweka. Msimu uliofuata nilifua zote, nikazifukiza zote, na tukamaliza mkiani mwa ligi. Iliniuma, maana niliwapenda wale watoto. Lakini wapinzani walikuwa wakishatufunga, wanakuja mlangoni kwangu kuniuliza kwa adabu ule udi unauzwa wapi.