Sura Waliyoishika Kunguru

Juzi redioni nimemsikia mtaalamu wa wanyama akieleza, kwa sauti ya mtu aliyechimba kisima peke yake, kwamba kunguru hushika sura ya mtu. Anayemfanyia ubaya humjua kwa uso, si kwa nguo, na huwafundisha wenzake mpaka watoto wake nao wamjue. Akasema watafiti wa ng'ambo walivaa vinyago, wakawakamata kunguru kisha wakawaachia. Kila walipopita tena na vinyago vile, ndege wa mtaa mzima waliwazomea. Wakivivua, wanapita salama. Wamechungulia mpaka ndani ya ubongo wa kunguru, ule mdogo kama ncha ya kidole gumba, wakaona sehemu inayoamka anapokutana na uso wa mbaya wake. Mwisho akatuambia kwamba ndege na binadamu waliachana njia zamani sana, kabla hata ya kuwapo nyani, lakini akili ya kunguru ikafika karibu na yetu kwa kupita njia yake yenyewe.

Niliizima redio kwa hasira. Hayo yote, ukiacha mambo ya ubongo na nyani, niliyasema mimi mwishoni mwa miaka ya sitini, nimesimama uani Bagamoyo na damu inanitiririka kwenye paji la uso. Mimi hakunihoji mtu. Mimi niliachwa.

Niliolewa nikitokea Kerege, nikaingia kwenye nyumba ya watu wa biashara, nyumba ya kale yenye ua mkubwa nyuma. Mume wangu alikuwa na duka la vitambaa. Mama yake, mjane, alikuwa na ua, na ua ule ndio uliokuwa serikali. Katikati palikuwa na mwarobaini, na kando yake tulianika ng'onda, samaki waliopasuliwa na kutiwa chumvi, ambao mama mkwe akiwauza mpaka Lugoba. Kunguru wa Zanzibar, hawa wenye shingo ya kijivu, walikuwa wameshauzoea mji. Wakiiba ng'onda, wakiiba sabuni, siku moja waliruka na kijiko cha chai.

Mama mkwe akachoka nao. Akanikabidhi upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akanionyesha kiota kilichokuwa juu ya mwarobaini.

"Mwanangu, wewe ndiwe mrefu humu. Kibomoe kile, tupumzike."

Bibi harusi hana "hapana". Nikakibomoa. Makinda wawili wakaanguka, wifi yangu akawafagia pamoja na vijiti. Wazazi wao walikuwa ukingoni mwa paa wakinitazama. Yule mmoja aliinamisha kichwa upande, kama mama mkwe anapochambua mchele.

Kesho yake nikatoka na ungo wa samaki, nikapigwa kisogoni. Nilidhani nazi imeanguka, lakini ua ule haukuwa na mnazi. Tangu hapo ikawa ndiyo maisha. Wifi akitoka, kimya. Mama mkwe akitoka, kimya. Mimi nikichungulia tu mlangoni, wanaanza kupiga kelele juu ya paa, kisha mmoja anashuka na kucha zake. Baadaye wakanijua hata sokoni, na wengine walikuwa wageni kabisa, hawajawahi kutua kwenye mwarobaini wetu. Wanawake walionizunguka wakawa wanajisogeza, mtu anajifanya anaangalia nyanya za upande wa pili.

Nilisema tangu siku za mwanzo: "Mama, hawa wananikumbuka kwa kile kiota."

"Ndege akumbuke? Wewe mwenyewe jana umesahau kutia chumvi mchuzi."

Hapo watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mwaka wa pili ulikuwa unaingia na mimi sijashika mimba, na nyumba ilikuwa inatafuta sababu. Kunguru wakawaletea mpaka uani: bibi harusi ana mkosi.

Walianza na kanga. Mama mkwe alisema ndege wanachukizwa na wekundu wa kisutu changu, kanga niliyofungwa siku ya harusi. Akaichukua, akampa mwanamke maskini aliyekuwa akipita kuomba. Nililia siku nzima, maana kisutu cha harusi hakitolewi hivyo. Nikatoka na kanga ya kijani, wakanipiga. Nikaletewa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Nikafukizwa ubani mpaka macho yakavimba. Maneno ya Mungu sina ugomvi nayo, nilikuwa nayo na ninayo mpaka leo. Ila dawa ilikuwa inatafuta ugonjwa usiokuwapo, na kila iliposhindwa, aibu iliandikwa jina langu.

Siku moja nilitoka nimeteremsha buibui mpaka kidevuni, sioni vizuri ninapokanyaga. Hakuna kunguru aliyelia. Nikauzunguka mwarobaini taratibu, nikasimama chini yake, nikaufunua uso. Hapohapo wakashuka. Nilikimbia ndani moyo ukinidunda kwa furaha. Nilikuwa nimeelewa, na nilijua namna ya kumwelewesha kila mtu.

Nikamwomba wifi yangu anisaidie. Yeye alikuwa mtu wa utani, tena tulilingana kimo. Tukangoja mpaka mume wangu aliporudi kula mchana, ili aone. Yeye akasimama mlangoni na tonge mkononi, mama mkwe akakaa kwenye kibao chake cha mbuzi. Wifi akavaa kanga zangu, akajitanda kama ninavyojitanda, akatoka akiiga mwendo wangu kwa kutikisa nyonga kupita kiasi. Kunguru wakamtazama, mmoja akajikuna ubawa. Wifi akaenda mpaka kwenye mwarobaini akarudi. Kisha nikatoka mimi, nimevaa kanga za wifi. Sikufika hatua ya tatu.

Nilikuwa ninacheka huku wananidonoa. Kweli, nilicheka. Damu ilinitoka juu ya nyusi na mimi ninamwita mama mkwe: "Umeona, mama? Si kanga. Wananijua sura."

Mama mkwe aliacha kukuna nazi. Sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililoniudhi kuliko kama angenifokea.

"Nimeona, mwanangu. Basi si nguo. Ni wewe."

Nilijaribu kueleza. Nilisema kama ni mimi kwa ajili ya mkosi, na ni mimi kwa ajili ya kiota, hayo ni mambo mawili, na njia ya kuyatenganisha ipo. Kunguru walikuwa wameshajenga kiota kipya tawi la juu. Nikamgeukia mume wangu. "Chukua upondo ukibomoe wewe. Wakikuandama wewe, itajulikana hapa hakuna mkosi. Wakikuacha, nitafunga mizigo yangu mwenyewe."

Alimeza tonge lake. "Mwanamume mzima nigombane na ndege, bibie? Watu watanicheka."

Nikamwomba tena usiku, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Kila mara alikuwa na kazi dukani. Baadaye akaambiwa na mama yake anipeleke kwetu "nikapumzike", na kwa hilo nafasi akaipata. Tulipoachana kituo cha basi alinipa doti mbili za kanga kutoka dukani kwake, mpya, hazina wekundu hata kidogo. Talaka ilinifuata Kerege kabla sijazifua mara ya kwanza.

Kerege kunguru walikuwapo, ila hawakuwa na habari na mimi. Hilo nalo nililisema kwa watu: mkosi gani huu unaobaki Bagamoyo mimi nikiondoka? Mama yangu akanijibu kwamba maiti haulizwi sanda.

Miaka ya sabini ilikuwa imefika katikati mama mkwe alipofariki, na mimi nikaenda kwenye hitima. Mtalaka si adui, na wifi alinitumia salamu kwamba anataka kuniona. Niliingia kwa mlango wa uani kama zamani. Sikuwa nimejifunika uso. Kelele zikaanza juu ya paa, na waliozianza walikuwa kunguru wengi, wa kila umri, wengine nina hakika hawakuwa wamezaliwa nilipoondoka.

Lakini hawakuja kwangu peke yangu. Karibu na masufuria ya pilau alikuwapo mwanamke kijana, mke mpya wa aliyekuwa mume wangu, amejikinga kichwa kwa sinia. Kunguru mmoja alitua juu ya sinia lile akalidonoa. Wanawake wengine walikuwa wamemwachia nafasi kubwa pande zote. Nafasi ile ninaijua.

Nikasimama naye. "Nani alikupa upondo?"

Akashangaa nimejuaje. "Mama. Mungu amrehemu."

"Na kombe umeshakunywa?"

"Nimeshakunywa. Hitima ikiisha napelekwa kwetu, nikapumzike kidogo." Akatabasamu, maskini, akidhani ni kupumzika.

Sikumweleza kitu. Nilikuwa nimechoka kueleza. Nilikwenda moja kwa moja alikokuwa mumewe, amesimama mlangoni palepale, kanzu nyeupe na kofia mpya, nikamwamkia vizuri na kumpa pole ya mamaye. Upondo ulikuwa umeegemezwa ukutani. Nikauchukua, nikamshikisha.

"Kiota kile pale. Watu wapo, dada yako yupo, mkeo yupo. Kibomoe wewe, leo, watu waone."

Aliangalia juu kwenye mwarobaini, na nikamwona akiishusha kofia yake mpaka karibu na macho, kabla hata hajajibu. Kisha akauegemeza upondo ukutani.

"Mimi napita hapa kila siku kwenda dukani," alisema kwa sauti ya chini, bila ubishi wowote, kama anavyotaja bei ya kitambaa. "Wakinishika sura mimi, nitaishi vipi?"

Nilimuuliza amelijua hilo tangu lini. Mkewe alikuwa ameshafika nyuma yangu, sinia bado liko kichwani.

"Tangu siku ile mlipobadilishana kanga," alisema.