Mchoro wa Patrisi Tluway

Mwaka 1983 Patrisi Tluway alirudi Rhotia kumzika baba yake. Kwa miaka mitano alikuwa Ujerumani, mchoraji wa mitambo katika maabara yenye bomba la chuma lililozungushwa duara kubwa. Humo elektroni hukimbizwa mpaka zitoe mwanga mkali wa kuchunguzia vitu. Yeye alichora kimkono cha kuingiza kioo kidogo bombani: elektroni zikikigonga kinang'aa, watu wanaona zinapita wapi, kisha kinavutwa nje kupisha njia.

Ijumaa, mazishi yakiwa yamepita, mkewe Germana alikuwa akivuta sufuria ya alumini iliyokaza kwenye pete ya chuma ya jiko.

"Iache ipoe, Baba Lusia," alimwambia Patrisi aliyetaka kumsaidia. "Ikishika moto inavimba kuliko chuma."

Patrisi akakaa chini. Mpini wa kimkono chake alikuwa ameubadilisha dakika za mwisho, kutoka chuma kuwa alumini, uwe mwepesi. Nafasi kati yake na ala ya chuma unamoteleza hakuibadilisha. Na Jumatatu bomba lingepashwa moto siku mbili kufukuza unyevu. Mpini ungevimba, ukabanwa, na mle pasipo hewa metali zilizobanana huweza kushikana kabisa.

Akaenda Karatu kwa miguu, apige simu Ujerumani wasubiri. Martini, karani wa posta, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu yangu, mvua imeangusha nguzo. Arusha hatuipati tangu juzi."

"Basi telegramu."

"Inapita waya huohuo."

Jumamosi alipata lori la kwenda Arusha, nalo likaishia Mto wa Mbu, maji yakiwa yamefunika barabara. Alikaa pale na abiria wengine, Jumapili ikapita, na Jumatatu. Mama mmoja aliyekuwa na magunia ya maharage alimuuliza amefiwa na nani.

"Baba," alijibu, maana lile jingine asingeweza kulieleza.

Barua ya maabara ilifika baada ya wiki tano. Kimkono kilikwama, bomba likakatwa, kazi ya watu arobaini ikasimama miezi mitatu. Mkataba wake hautaongezwa.

Patrisi hakubisha. Alichora upya mpini, akaandika nafasi sahihi pembeni, akampelekea Martini bahasha iende maabara. Alirudi posta kila Ijumaa kwa mwaka mzima, na Martini akawa anatikisa kichwa kabla hajaulizwa.