Edna wa Nani?

Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone hawajawahi kukaa bondeni kwetu. Huku Yorkshire mgeni akibisha hodi, kwanza tunamchungulia viatu kupitia pazia, kisha tunajiuliza anataka nini. Huyu viatu vyake vilikuwa vipya. Alibisha kwa jirani yangu Edna Walker, nyumba namba moja, nami wa namba mbili nikakumbuka ghafla kwamba maua yangu ya mbele yanahitaji maji. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Nyumba zetu ni sita, za mawe, zimepangana kando ya kijito. Alizijenga Jonas Walker, mwenye kinu cha vitambaa vya sufu, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kwa ajili ya wazee wasio na pa kwenda. Sisi wengine tuliingizwa tu na kamati inayozisimamia. Namba moja ina sheria yake, na Jonas aliichonga juu ya mlango: AKAE HUMU WA DAMU YANGU, AU AMTAKAYE WA DAMU YANGU. Asipopatikana mtu wa damu, kamati itaamua. Na mwenyekiti wa kamati, Bwana Holroyd, alikuwa anaitaka kwa ajili ya watalii. Alishakuja kupima madirisha mara mbili.

Edna alikuwa amekaa humo miaka kumi na tisa. Alizaliwa bondeni, akaanza kazi ya mashine za kufumia akiwa na miaka kumi na tano, na hakuiacha mpaka kinu cha mwisho kilipofungwa. Hakuolewa. Alimuuguza mama yake hadi mwisho. Kelele za mashine zilimharibu masikio, lakini wanawake wa vinuni walizoea kusemezana kwa midomo bila sauti, kwa hiyo macho yake yalisikia. Ukinong'ona ng'ambo ya barabara, Edna keshakusikia.

Siku hiyo ya mgeni akagonga ukuta mara tatu, maana yake Hedley njoo. Nilimkuta mgeni amekalishwa kwenye kiti kibovu. Chai alipewa, keki ya tangawizi hakupewa, na kwetu hiyo ni hukumu tosha.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, uso umeungua jua. Alijitaja kuwa Darrell Walker, fundi bomba kutoka Tasmania, kile kisiwa kilicho chini kabisa ya Australia. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliopita bila kumwachia ndugu yeyote, ila jina, naye akaamua kulifuata lilikotoka.

"Limetoka miguuni," Edna akamwambia. "Zamani sufu ikishafumwa ilitiwa kwenye birika la mikojo iliyochacha, ikakanyagwa mpaka ikaze. Mkanyagaji ndiye Walker. Kila kijito kilizaa Walker wake, na hawajuani. Huko Devon, kusini, mwenye kazi hiyohiyo aliitwa Tucker. Kwa hiyo usije hapa ukaniita shangazi."

"Sijakuita shangazi, mama."

"Ulikuwa njiani."

Darrell akatoa kichupa mfukoni. Alisema ukitema mate kidogo humo, maabara itasema kama nyinyi ni ndugu au la.

"Hedley, umemsikia?" Edna aliuliza. "Wazee wetu walikusanya mikojo nyumba kwa nyumba, lakini angalau walisema ni ya kazi gani. Haya, nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Mwongo. Jana mbele ya duka la mikate Holroyd alikwambia, 'Ukipata mate yake tu, nyumba tumeipata.'"

Mgeni akaiva uso. "Lakini wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara."

"Midomo yenu ilikuwa karibu."

Basi akakiri. Holroyd ndiye aliyemwandikia kwanza, akimwita aje kutafuta asili yake, na akamlaki kituoni. Habari ya nyumba, alisema, ameisikia jana tu. Sikumwamini. Mtu havuki dunia nzima kwa barua ya Holroyd.

Edna naye alikuwa ameshasimama, mkono kwenye kitasa. "Nikuulize swali la bondeni kabla hujaondoka. Wa nani wewe?"

Hilo ndilo swali letu. Zamani nusu ya bonde waliitwa Walker, kwa hiyo jina la ukoo halikumtofautisha mtu na mwenzake. Uliitwa kwa mzazi wako na mzazi wa mzazi wako, kama Tom wa Bili wa Sali. Hayo hayakuandikwa popote, yalikaa midomoni tu.

"Sielewi swali," Darrell alisema. "Sisi hatuna hayo. Labda kile kijiwimbo alichonilazia baba nikiwa mtoto, lakini hakina maana. Abe wa Hana wa Jonas Mguu-Mti."

Kikombe cha Edna kiligonga sahani.

"Ni kijiwimbo cha watoto tu," Edna akasema. "Chai yako imeisha."

Mgeni alipoondoka nikafunga mlango kwa komeo. Jonas Mguu-Mti ndiye yule aliyetujengea, mguu wake uliliwa na kinu. Abe alikuwa mjukuu wake, mtoto wa Hana asiyeolewa. Mwaka 1831 aliiba kitambaa kilichotandazwa kukauka, akasafirishwa kwa meli hadi Tasmania na wafungwa wenzake, asisikike tena. Na Edna aliingia namba moja kwa kusema kwamba yeye ni wa watu wa Abe, wa mtoto eti aliyemwacha bondeni. Ndiyo maana Holroyd alitafuta Walker wa Tasmania: mate yao yasipopatana, Edna atoke.

"Holroyd kamfundisha," nikasema.

"Holroyd mtu wa Leeds. Hata huo mguu haujui." Alikaa kwenye kiti kibovu. "Hedley, babu yangu aliitwa Luke Tucker. Sufu ilipokufa Devon akapanda huku kutafuta kazi. Msimamizi akamwandika Walker kwa sababu hapa kila mtu wa kazi ile alikuwa Walker. Nilimchagua Abe kwa kuwa hakuwa na mtu wa kuja kunibishia."

Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia mgeni ataondoka Jumapili, na siri ya jina lake ataondoka nayo bila kuijua. Nilisema hivyo kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu nilijua Holroyd akishaimaliza namba moja atakuja namba mbili.

Jumamosi kamati ilikutana katika ukumbi wa kanisa. Holroyd akasimama, akasema kwa masikitiko ya kununua kwamba mkazi wa namba moja amekataa kupimwa, na kila mtu ajiulize kwa nini.

"Usijiulize, nakwambia," Edna akasema. Alisimama polepole akishika kiti cha mbele. "Mimi si wa Jonas. Nilidanganya miaka kumi na tisa. Wa Jonas ni yule pale. Abe wa Hana wa Jonas Mguu-Mti, baba yake alimlaza kwa hayo. Kijana, nilikwambia ni kijiwimbo cha watoto. Ni jina lako. Hana yupo nyuma ya kanisa, safu ya tatu ya makaburi, kamwamkie."

Darrell alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, na mimi nilimtazama kwa makini nione kama ni machozi ya kweli. Yalikuwa machozi.

Holroyd akamsogezea karatasi haraka. "Basi bwana, kwa kuwa huwezi kuishi huku, weka sahihi hapa kwamba nyumba huitaki."

"Subiri," Darrell akasema. "Jana nilisimama mvuani nikausoma ule mlango. Akae humu wa damu yangu, au amtakaye. Ndivyo?"

Tulikuwa tumepita chini ya maneno yale kila siku, na nusu ya pili hatukuwahi kuihitaji.

"Namtaka huyo mama," akasema.

Hata sasa sijamaliza kumshuku. Kila Krismasi inakuja kadi yake, nami huigeuza nyuma na mbele nikitafuta anachokitaka, nisikione. Edna anacheka. Darrell alikatiwa keki ya tangawizi siku ileile, kipande kikubwa, akakibeba hadi Tasmania.

Juzi mgeni mwingine alipita akamuuliza Edna yeye ni wa nani. Edna ana miaka themanini na mitatu, na yule fundi bomba wa Tasmania angeweza kuwa mwanawe.

"Edna wa Darrell," akamjibu, "wa watu wa Abe."