Saa ya Mpiga Ngoma

Taib hakuwa akimwamini mtu, na sababu alikuwa nayo. Kwa miaka minane, kabla hajaja Dubai, alikuwa Mmasai. Mdigo wa Ukunda, mtoto wa muuza madafu, lakini ikifika saa kumi alasiri hujitanda shuka jekundu, akajitia shanga shingoni, akaenda kuwarukia wageni ngoma ya Kimasai kwenye mahoteli ya Diani. Saa yake ya mkono huipandisha juu karibu na kwapa, shuka likaifunika. Wageni wakiuliza kama ile ni mila yao, hujibu bila kupepesa macho, "Asili kabisa." Aliyekula kwa kazi hiyo, akiona mila ya mwenziwe, kwanza huitafuta saa.

Desemba ya mwaka 2014 alikuwa dereva wa ofisi ndogo ya safari huko Deira, ya mzee Aidarus, mtu wa Mombasa aliyezoea kuuza tiketi za Umra. Mwaka huo mzee akazuka na jambo jipya: safari ya kaskazini ya Norwe kwenye baridi kali, kutazama ile mianga ya rangi inayocheza mbinguni, na kukaa siku mbili na Wasami, wenyeji wa huko wafugao kulungu wa theluji. Familia moja ya watu saba ilikwisha jiandikisha. Kilichobaki ni kuchagua mwenyeji wa kuwapokea, na waliojitokeza ni wawili.

"Mwivi hushikwa na mwivi mwenziwe," Aidarus alimwambia. "Nichunguzie nani wa kweli. Ukinipatia, khalas, usukani unauacha. Unakwenda nao wewe, kiongozi wao."

Nyuma ya mlango lilitundikwa koti zito, jipya, saizi ya Taib. Alilitamani, na hakujificha. Miaka mitano alikuwa akiwapeleka wengine uwanja wa ndege na kurudi na gari tupu.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja Msami, Martina, waliyezungumza naye kwa Skype. Taib alimtazama akaanza kumtilia shaka papo hapo. Mama amevaa sweta ya kawaida, amekaa jikoni, nyuma yake friji kubwa yenye picha za wajukuu. Mila gani hii yenye friji?

"Nguo zenu za asili ziko wapi?" Taib aliuliza.

"Kabatini. Tunavaa harusini na kanisani."

"Na mianga ikitoka, mtawaimbia wageni? Mtapiga ngoma?"

"La. Mianga ikitoka tunanyamaza. Bibi yangu alikuwa akitufunika vichwa, na mtu hapigi hata mluzi. Wageni wakitaka kukaa kimya nasi, karibuni."

Anajipandisha bei huyu, Taib akajisemea. Akaegemea kwenye kompyuta, akashusha sauti kama wanavyosemezana watu wa kazi moja. "Mama, piga kidogo tu. Mgeni hajui. Mimi mwenyewe nilikuwa nikifanya hivyo kwetu."

Martina akauliza, "Na kwenu hakuna mahali ambapo mgeni hunyamaza?"

Taib alitaka kucheka, kisha akakumbuka. Palikuwapo. Ule msitu wa kaya, mahali patakatifu pa wazee wao, ambako bibi yake alimvua viatu na kumwonya asivunje hata kijiti. Mzungu mmoja aliwahi kumwomba aruke mle ndani na shuka lake, apigwe picha, naye akakataa. Hilo peke yake ndilo alilolikataa kwa miaka minane yote. Akaona haya mbele ya mama yule na friji yake, akaaga haraka.

Mwenyeji wa pili, Herbert, alikuwa na hoteli, na alileta video. Hapo kila kitu kilikuwapo: moto, nguo za rangi, mpiga ngoma akiimba chini ya mianga ya kijani huku wageni wakipiga makofi. Aidarus alifurahi mpaka akasimama. Taib aliirudisha video nyuma mara tatu. Kabla ya kuanza, mpiga ngoma alitazama pembeni, akaingiza vidole ndani ya mkono wa nguo, akaisukuma saa yake juu mpaka karibu na kiwiko.

"Ami," Taib alisema, "huyu ni Mdigo mwenzangu."

"Una maana gani?"

"Yule mama hakuificha friji yake. Huyu anaficha saa. Wa kweli ni Martina."

Aidarus alilitazama tangazo alilokwisha lichapa, lenye ngoma katikati. "Basi afadhali Mdigo mwenzako, mtaelewana. Wateja hawa hawalipi kwenda kunyamaza gizani. Lichukue koti lako, na wakikuuliza, sema ni asili kabisa."

Taib alilivaa. Lilimkaa vizuri sana, na hilo lilimuuma. Alisimama nalo kitambo, jasho likimtiririka mgongoni, kisha akalivua na kulirudisha kwenye msumari.

"Mpe mwingine, Ami."

Januari aliwaendesha wale saba uwanja wa ndege, yeye na usukani wake. Mama mkubwa wa familia alikaa mbele. Walipokaribia Garhoud, kando ya uwanja, aliuliza, "Wewe ni mtu wa ofisi. Hao tunaokwenda kwao, mila yao ni ya kweli?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, la miaka minane. Neno jingine lolote likimfikia Aidarus, kazi na viza vimekwenda. Taib aliingoja taa iwe kijani.

"Madam, mtapigiwa ngoma. Akimaliza, mwulize yule mpigaji ni saa ngapi. Utazame mkono wake unakwenda wapi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi wangu ulikuwa ukienda kwapani."