Ruhusa Niliyoitoa Mimi

Juzi, matangani kwa ami Salimu kule Mabawa, niliiona ile flashi yake nyekundu ndani ya kikombe cha kalamu. Harufu ya ubani ilinirudisha barazani kwetu, alasiri ile.

Baba alikuwa amefariki na mama alikuwa kwenye eda, hatoki chumbani. Ami, mdogo wake baba, alikuwa akiitengeneza laptop kuukuu ya marehemu ili niisomee. Haikuwa na pa kutia CD, kwa hiyo Linux, mfumo mpya wa kuiendeshea, aliutia kwa flashi. Kwa kuwa hakuweza kuingia kwa mama, maneno yao niliyabeba mimi.

"Kamuulize mamako," alisema. "Inataka kufuta vyote vilivyomo kwenye laptop. Nikubali?"

Nilimkuta mama amelala juu ya msala, tasbihi mkononi. Tangu msiba sikuwa nimemwona akilala. Sikumwamsha. Nilidhani vinavyofutwa vinahamia kwenye flashi, kama nguo sandukuni.

"Kasema sawa," nilimwambia ami.

Eda ilipokwisha, mama aliiwasha laptop ili asikie kaswida alizojirekodi baba. Haikuwemo hata moja. Ami aliapa kwamba alinituma kuuliza. Mama akanigeukia.

"Alikutuma?"

"Hakunituma."

Mama hakumsemesha tena ami maisha yake yote. Na siku ya maziko ya ami, nilipomwomba tufuatane, alinifunga mtandio vizuri kichwani.

"Nenda wewe, mwanangu. Mie na mwongo hatuzikani."